Koti la Bwana Kidevu

Mkasa huu umekwisha kusimuliwa mtaa mzima wa Ngamiani, na kila anayeusimulia anatia chumvi yake, wengine wanasema nilizimia, wengine wanasema nilipiga magoti nikaomba maji, kwa hiyo afadhali niutoe kwa kinywa changu mwenyewe, aibu niibebe kwa kipimo chake. Sikuzimia. Kulia, nililia kidogo.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nachoma mikate Tanga mjini. Nilitoka kwetu Pangani mwembamba kama ukuti, lakini mtu anayeshinda tanurini haachi kuota kitambi (mkate wa moto haukataliki, jamani). Nikitoka kazini nilikuwa nakwenda ukumbini kwa Mwalimu Rahel. Huyu alikuwa Myahudi, mke wa daktari wa meno, wamekimbia kwao Ulaya wakati mbaya, na jamaa zao waliobaki nyuma alikuwa hawataji. Tulipomwita memsabu alikasirika. "Niite Mwalimu," alisema, "umemsabu unanichosha."

Alichopenda ni michezo ya kuigiza. Alitusimulia michezo ya watunzi wa kwao, Wayahudi, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, nasi tukaiigiza, na wallahi tuliwapenda watunzi wale bila kuwaona sura. Rafiki yangu Andrea, Msambaa wa Kilutheri aliyekuwa karani kwenye bohari la mkonge, alizoea kusema, "Watu hawa wanagombana na Mungu kama mtu anavyogombana na baba yake, maneno makali, lakini chakula sahani moja." Mimi nilipenda kwamba kwao mwenye maneno matamu si mfalme, ni mjane, ni muuza maji, ni fundi viatu. Halafu kichekesho chao kinakuja pale pale unapotaka kulia, hujui ufute machozi au ushike mbavu.

Basi mwaka ule Mwalimu akatunga mchezo wake mwenyewe. Kuna gavana mkali katika mji wa Wayahudi, anamwamuru fundi viatu amshonee viatu vya kuwakanyagia watu. Fundi anashona, kiatu kizuri hujapata kuona, ila vyote viwili ni vya mguu wa kushoto. Gavana akivivaa hawezi kwenda mbele, anazunguka tu uwanjani kama ngamia wa kinu cha mafuta, na watu wanacheka, na kicheko chao kinamwogopesha kuliko bunduki. Andrea alikuwa fundi. Gavana, mimi.

Mwalimu alinishonea koti la gunia, akalitia rangi nyeusi. Nikajitazama kwenye kioo, nikajiona mfuko wa mbata. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na rafiki, Hemedi, dobi, na miongoni mwa wateja wake alikuwamo mkuu wa polisi, Mzungu tuliyemwita Bwana Kidevu kwa sababu kidevu chake kilifika mahali kabla yake. Jumamosi ya mchezo nikamkuta Hemedi anapiga pasi koti lake la sherehe, jeupe pee, vifungo vya shaba, kila kifungo na taji lake.

"Yakhe, niazime," nikamwambia. "Alasiri tu, magharibi unalo."

"Sefu, unataka nifungwe?"

"Nani atajua? Bwana Kidevu na michezo ya Ngamiani wapi na wapi?"

Akasita, akanipa, huku anasema, "Ukilitia doa, mimi na wewe basi."

Koti halikufunga. Kitambi! Nikakimbia nyumbani, nikachukua kanga ya mke wangu, Mwanaisha, nikajifunga tumbo mpaka pumzi ikawa ya kuhesabia, vifungo vikakubali. Mwalimu hakuniona mpaka nimekwisha tokea jukwaani, kwa sababu nilijificha nyuma ya pazia nije niwashangaze wote.

Nikawashangaza. Ukumbi mzima ulisema "Lo!" Nikavimba. Nikatazama benchi la mbele nipokee utukufu wangu, na pale, kati ya daktari wa meno na mwenye duka mmoja wa Kihindi, nikakiona kidevu.

Jamani, hofu ina ladha, mimi naijua, ni kama umelamba msumari. Kumbe daktari alimng'oa jino juma lile akamkaribisha kwa adabu tu. Nikataka kurudi nyuma ya pazia, lakini Andrea amekwishaanza, "Mheshimiwa gavana, viatu vyako tayari!" nami nikavivaa, nikaanza kuzunguka kama tulivyojifunza, na ubaya wa kuzunguka ni kwamba kila duara linakurudisha ukingoni, mbele ya mtu yule yule. Mara ya kwanza ananitazama usoni. Nikizunguka tena, anatazama bega la koti. Jasho likanitoka, kanga ikalowa, ikalegea, tumbo likakumbuka ukubwa wake, na nilipofika ukingoni kifungo cha katikati kikaruka, ta! Kikaanguka sakafuni, kikabiringika mpaka kwenye kiatu cha Bwana Kidevu.

Akainama akakiokota. Akalitazama lile taji. Akanitazama mimi.

Sijui akili gani ilinituma. Nikawaza, nikilivua koti sitakuwa nimelivaa (ndiyo akili ya mtu aliyeshikwa na hofu, msinicheke). Nikalivua pale pale, nikabaki na kanga tumboni, na kanga, mnajua, ina maneno. Mwanaisha aliinunua kwa ajili ya jirani yetu mmoja asiyeisha kuja kuchungulia vyungu. Maneno meusi, makubwa, yamekaa juu ya kitambi, yanamwelekea mkuu wa polisi: NENDA ZAKO KWENU.

Halafu mama mmoja akayasoma kwa sauti. Ukumbi ukapasuka! Watu walipiga mabenchi, walipiga vigelegele, wengine wakasimama wakaimba maneno yale, na mjue miaka ile ilikuwa miaka gani, maneno hayo mtu alikuwa anayasema na mlango umefungwa. Watu walidhani nimekusudia! Nami nasimama pale nimeshika koti, natikisa kichwa, hapana, hapana, na kadiri ninavyotikisa ndivyo wanavyoshangilia.

Bwana Kidevu akasimama. Kelele zikakatika.

"Koti hili umelipata wapi?" akauliza kwa Kiswahili safi.

Nikimtaja Hemedi, amekwisha. Nikasema kwa shida, "Nililiona kwenye kamba, Bwana, nikalichukua." Na kutoka nyuma kabisa Hemedi akapaza sauti, "Muongo huyo! Nimempa mimi, Bwana." Hapo ndipo nilipolia.

Mwalimu Rahel akapanda jukwaani, akasimama mbele yangu, mdogo, mkavu. "Mchezo ni wangu," akasema. "Ukitaka mtu, niulize mimi." Maneno yake yalikuwa thabiti, lakini mimi nilikuwa nyuma yake, niliiona mikono yake. Ilikuwa inafunga na kufungua mkanda wa gauni lake, na haikuacha.

Bwana Kidevu akalichukua koti, akakitia kifungo mfukoni. "Kesho asubuhi, wewe na dobi, kituoni."

Sikulala. Mwanaisha alinifungia nguo na mikate kama mtu anayekwenda safari, hakunilaumu, na hilo lilinitisha zaidi. Kituoni tukasimamishwa juani, kisha Hemedi akaamriwa alifue koti upya mbele ya askari wote, mimi nikapewa sindano nikishone kifungo, vidole vyangu vya kukandia unga vinachomwa kila mshono, askari wanakufa kwa kicheko. Bwana Kidevu akakivuta kifungo akaona kimeshika. Nikangoja neno la mahabusu.

"Yule fundi viatu," akasema, "mwisho wake unakuwaje?"

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamweleza, meno yanagongana, kwamba gavana anaamuru watu wote wavae viatu vya namna ile, ili wasimcheke, na mji mzima unazunguka uwanjani, isipokuwa fundi, ambaye anatembea peku, anatoka zake mjini.

Hakucheka. Akasema, "Mchezo huu usichezwe tena. Nendeni." Hemedi akapoteza mteja, asante Mungu hakupoteza zaidi, ingawa alikaa mwezi na kitu bila kunipa salamu.

Jioni nikaenda kwa Mwalimu na mkate wa moto. Akafungua mlango nusu, akanitambua, akafungua wote. Pembeni ya mlango palikuwa na sanduku la safari, limefungwa kamba.

"Mwalimu, unahama?"

"Sihami, Sefu. Usiku nilisikia viatu vya watu barabarani, nikaona mikono yangu inafunga sanduku yenyewe."

Nikamwomba radhi, nikamweleza ya kituoni, na kwamba mchezo umepigwa marufuku. Tabasamu likamjia upande mmoja wa mdomo. "Amekataza? Basi ameuelewa." Lakini sanduku hakulifungua, na nilipopita tena siku za baadaye lilikuwa pale pale.

Kucheka kwenu hakunisumbui, wala kile kifungo. Kinachonitia haya mpaka leo ni sanduku lile. Nilitaka nipendeze alasiri moja tu, nikamrudishia mwanamke yule hofu aliyovuka bahari kuikimbia. Toka hapo sijaazima cha mtu, hata mwavuli wakati wa masika, naloa tu, na watu wakiniuliza nawaambia napenda mvua.