Mstari wa Pembeni

Lukasi, katekista mstaafu wa Berega, alikuwa na ugonjwa mmoja tangu ujana: hakuweza kuvumilia kosa. Ukiimba pambio ukabadili neno, alikusimamisha mbele ya kanisa zima. "Neno la Mungu halina kosa, hata nukta," alisema, na mkosaji akabaki anatazama vidole vya miguu.

Wazee aliwasomea masomo kwa Kikaguru kutoka kwenye daftari. Daftari la kwanza liliandikwa na mwalimu wake, marehemu Melkizedek, aliyefasiri kutoka Biblia ya Kiswahili. Mchwa walipolivamia, Lukasi alilinakili lote kwa mkono, wiki sita, shamba likaota majani. Ukurasa mmoja ulikuwa na mstari ulioandikwa wima pembeni. Hakujiuliza mara mbili. Yeye mwenyewe akiruka mstari huuandika pembeni, basi akaurudisha ndani, akaendelea.

Miaka thelathini na moja ikapita. Mwezi uliopita mwinjilisti kijana, Upendo, alianza kulichapa daftari hilo kwenye kompyuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Nimekwama. Mstari huu nimeutafuta kwenye Biblia, haupo."

"Tafuta vizuri."

Walitafuta wote wawili, katika Biblia tatu, mpya na kuukuu. Haukuwepo. Mstari wenyewe ulisema: *Na waliozikwa kabla ya kupewa jina, Mimi ndiye niliyewapa.*

Hapo Lukasi akakumbuka. Mwaka aliokuwa akiandika daftari, Melkizedek alizika mapacha wake wachanga. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, baba aliyefiwa, akijifariji ukingoni mwa ukurasa. Na Lukasi ameyasoma misibani miaka yote hiyo kama Neno la Mungu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Niuondoe, babu?"

"Ngoja kwanza."

Alikuwa anamfikiria Regina, dada yake mkubwa, ambaye sasa haoni. Regina alizaa watoto watatu waliokufa kabla ya kupewa majina. Wanawake waliwazika nyuma ya nyumba, bila matanga, na mama akakatazwa kulia. Siku aliposikia mstari ule kwa mara ya kwanza, alilia kwa sauti, kisha akaomba chakula. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada Lukasi humsomea ukurasa huohuo.

Sasa afanyeje? Akiusoma, anamsingizia Mungu. Akiufuta, anawazika upya watoto wa dada yake. Aliogopa, na hakuwa na wa kumuuliza.

Jumapili akaenda. Akavuta kigoda, akafungua daftari, akasoma taratibu kama kawaida. Alipofika mahali pale, akapita moja kwa moja hadi aya inayofuata.

Regina akainua mkono.

"Umeruka mstari."

Lukasi akatazama ukurasa.

"Wewe unayewasimamisha wenzako kanisani!" Regina akacheka. "Rudia, mdogo wangu. Neno la Mungu haliachwi nusu."

Alifumbua kinywa amwambie. Lakini Regina alikwisha kuweka mikono magotini, ameelekeza uso kwake, anasubiri watoto wake.

"Nisamehe, dada," akasema. "Macho yamechoka."

Akarudi juu, akausoma.