Mgeni wa Kila Siku

Juzi, nilipokuwa nasubiri dawa kwenye zahanati ya kijiji huko Nyanungu, mganga alimsihi mzee aliyepotewa na kumbukumbu atembee, miguu isije ikakakamaa. Mzee alishikilia benchi. "Sina safari."

Binti yake akachukua kikapu. "Shikamoo mzee. Mimi mgeni naomba njia."

Mzee akainuka, akashika fimbo. "Mgeni haachwi aende peke yake."

"Mbona hukumwambia wewe ni nani?" mganga akanong'ona.

"Nikimwambia, anahuzunika kwamba hanijui, anakaa siku nzima. Nikiwa mgeni, ananisindikiza mpaka mtoni."

Sisi tunaokumbuka kila kitu huwaaga wageni tukiwa tumekaa.

Nilimsikia mzee mlangoni: "Ukifika kwenu, msalimie baba yako."

"Salamu zimefika," akajibu binti.