Maandishi Tumboni mwa Gitaa

Wifi yangu ana kioo kidogo cha duara, cha kujipodolea, alichokigundisha kwenye mpini wa kijiko. Hajipodoi nacho. Anakiingiza kwenye tundu la gitaa, anamulika tochi, anachungulia tumboni kama daktari wa meno. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kioo. Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema "yule mama wa chini ya ngazi", kana kwamba alizaliwa pale pamoja na fagio na ndoo.

Hakuzaliwa pale. Baba mkwe wangu alikuwa seremala wa makabati. Wanawe wawili wa kiume, na mmoja ndiye huyu mume wangu, hawakuweza kupigilia msumari bila kujiponda kidole na kuita watu. Binti ndiye aliyeshika randa. Siku moja mtu akaleta gitaa lililopasuka mgongo. Mzee akasema, "Lirudisheni, hilo si kabati." Binti akalificha uvunguni, akakaa nalo wiki tatu, na lilipotoka lilikuwa linaimba. Sasa ni miaka ishirini na sita, na bado mwanamume mzima anaingia pale, anamwona ameshika patasi, vumbi la mbao limemjaa nyusi, kisha anauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ametoka," Kioo humjibu. "Ameniachia mikono yake."

Mimi ningewajibu kitu kingine, lakini kazi si yangu.

Ana tabia moja ambayo niliicheka miaka mingi. Kila gitaa analolitengeneza, huliandikia kwa penseli upande wa ndani wa ule uso wa mbele, juu kabisa, pasipoonekana. Huandika mwezi na kazi aliyoifanya. Tena huandika kinyumenyume, herufi zimegeuzwa, ili ukitia kioo zisomeke sawasawa. Bila kioo utadhani kuku amepita.

"Wifi, unajitesea nini?" nilimwuliza.

"Mle ndani nani anasoma bila kioo?"

Basi, nikaacha kucheka.

Ile nafasi ya chini ya ngazi, Kioo alikoweka benchi lake, ilikuwa dukani kwa Bosi Uhakika, muuzaji wa vyombo vya muziki vya mtumba. Jina hilo tulimpa sisi wa mtaani, maana hawezi kumaliza sentensi bila kusema "uhakika". Magitaa matatu kati ya kila manne aliyoyatengeneza Kioo yalitoka kwa bwana huyu. Alimlipa kama anayetupia njiwa punje. Nafasi hakumtoza, ni kweli, na kila Jumatatu alihakikisha amemkumbusha. Kibanda changu cha vifungo na nyuzi za kushonea kiko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo haya yote nimeyaona bila kualikwa.

Alhamisi moja asubuhi nilikuwa nimempelekea Kioo chai, akaja mama mmoja, mpishi wa hospitali, bado kofia ya jikoni iko kichwani. Binti yake alikuwa anajifunzia gitaa la kuazima, na mwenye gitaa alikuwa amelichukua. Wiki nzima mtoto anapiga vidole mezani, anafanya mazoezi kwenye mbao za meza. Mama akaona heri avunje kibubu.

Bosi Uhakika akamshushia gitaa la rangi ya asali. Akamtajia bei. Bei ya friji! Friji jipya, lenye milango miwili.

"Hili, mama, ni ubao mmoja mzima, halina kuunga. Limechongwa kwa mkono, ng'ambo, miaka arobaini iliyopita. Limeingia juzi. Halijawahi kuguswa na fundi. Soma lebo hiyo. Uhakika."

Lebo ilikuwepo kweli, mle ndani ya tundu, imezeeka vizuri. Mimi nauza vitu vidogo, najua karatasi iliyozeeka kwa miaka na karatasi iliyozeeshwa kwa majani ya chai.

"Mwanangu, mimi najua masufuria," mama akasema. "Magitaa siyajui. Hakuna fundi alitazame?"

"Fundi si huyu hapa! Hebu mwambie mama." Alipompa Kioo lile gitaa aliinama, akanong'ona bila haya, nami nikiwa hapo hapo na birika langu: "Kumbuka unakaa wapi."

Kioo akalipokea. Alilaza gitaa mapajani. Kwanza akapitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu, taratibu, huku na huku. Ubao mmoja mzima, mistari yake ya juu hushuka mpaka kwenye ukingo bila kukatika. Hapa ukucha ulikuwa unaruka, trr, trr, kama unapita kwenye kurasa za daftari. Plaiwudi. Akafumba jicho moja, akatazama shingo kama mtu anayelenga shabaha. Akachomeka sarafu mbili chini ya nyuzi, katikati ya shingo. Zikapita, nafasi ikabaki. Akagonga mgongo kwa kifundo cha kidole. Mwisho akatia kioo.

Niliona macho yake yakitoka kwenye kioo, yakaenda kwenye benchi lake, kwenye vibano vilivyopangwa ukutani, kwenye kopo la gundi, yakarudi. Angeweza kusema "zuri", neno moja tu, na angebaki na benchi lake. Nilibana birika.

"Mama," akasema, "unasoma?"

"Nasoma."

"Shika kioo. Mimi nitakumulikia. Usitazame lebo, tazama juu. Soma kwa sauti."

Yule mama akachungulia kama anayeangalia wali kama umeiva. "Machi, mwaka jana," akasoma. "Daraja limebanduka. Nimeligundisha. Kioo." Akainua uso. "Kioo ni nani?"

"Ni mimi."

Mlangoni walikuwepo wateja watatu. Bosi Uhakika akacheka kicheko kikavu. "Hayo ni maandishi ya kiwandani, mama. Uhakika."

"Kiwanda cha ng'ambo," mama akasema, "kinasema 'nimeligundisha'?"

Wale wateja waliangua kicheko, na mimi sikubaki nyuma. Yule bwana alikuwa amelichukua gitaa alilotengenezewa na mwanamke huyu huyu, akalipachika lebo, akampa alisifie! Kama aliwahi kuchungulia ndani, aliona kuku amepita tu. Hakuwahi hata siku moja kuuliza fundi wake anafanyaje kazi.

Mama akachukua mkoba wake aondoke. Hapo ndipo wifi yangu aliponikasirisha hata mimi.

"Ngoja, mama. Gitaa lenyewe si baya."

"Wifi!" nikamwambia.

"Niache, wifi. Ni plaiwudi, halitakuwa na sauti nene. Lakini shingo imenyooka, halina ufa, na daraja lile, hicho kibao cha kushikia nyuzi, halibanduki tena. Nyuzi ziko juu mno, zitamchubua mtoto vidole, hizo nitazishusha. Kwa mwanafunzi linatosha sana. Bei yake ni jozi mbili za viatu vya shule. Usizidishe hata kamba ya kiatu."

Mama akatoa bei ya jozi mbili, akaiweka kwenye kaunta mbele ya wale mashahidi watatu. Bosi akaichukua. Kisha akamgeukia Kioo: "Benchi lako litoke leo hii. Uhakika." Hilo ndilo neno la kweli pekee nililowahi kumsikia akilisema.

Mwongo amebaki na duka, msema kweli akabeba benchi barabarani. Mume wangu, kaka yake wa damu, aliposikia akasema, "Angenyamaza tu." Nilimwambia anyamaze yeye, tuone kama inafaa. Nikahamisha madroo yangu sita, nikampa dada yake nusu ya kibanda. Gundi inanuka, vumbi la mbao linaingia kwenye vifungo vya lulu, na kazi ni gitaa moja moja, siku nyingine hakuna. Simfichi mtu: ametetereka kimapato.

La kwanza kutengenezwa pale lilikuwa lile lile la rangi ya asali. Alishusha nyuzi, akabandua lebo ile ya uongo, akachukua penseli. Nikamshikia tochi, naye akaandika kinyumenyume, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikatia kioo nikasoma: "Nyuzi nimezishusha. Plaiwudi. Shingo nzuri."

"Ongeza hapo chini," nikamwambia. "Andika alivyotaka kumwibia yule mama. Andika na jina lake."

"Mle ndani yanaandikwa ya gitaa, wifi. Gitaa halijamkosea mtu."

Akapuliza vumbi la penseli, akaanza kukaza nyuzi. Haya. Ya gitaa ameyaandika yeye. Yaliyobaki nimeyaandika mimi, tena kwa herufi zilizonyooka, asomaye asihitaji kioo.