Shati la Tatu

Mafundi wa kiwanda cha mashati walimwita Chaki, naye hakuwahi kuuliza kwa nini. Kazi yake ilikuwa kukagua kola. Kola ikipinda, aliichora alama nyekundu, akabandika namba ya fundi aliyeishona, akalitundika shati kwenye waya katikati ya ukumbi hadi saa ya kutoka, kila mtu alione. Mashati matatu kwa wiki, fundi anaondolewa kwenye cherehani. Sheria ni msumeno, alipenda kusema, na mpini alikuwa ameushika yeye. Aliwahi kulitundika hata shati alilolishona mke wake, fundi wa hapo hapo. Mwezi mzima mke alimjibu "ndiyo, mkaguzi," hata alipoulizwa chumvi iko wapi.

Wiki hiyo, mashati mawili ya shangazi yake yalikuwa yameshatundikwa. Shangazi ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, na ndiye aliyemwombea kazi hapo. Macho yalikuwa yakimwishia shangazi huyo, na hilo alikuwa halisemi kwa mtu.

Ijumaa mchana, wakati wa mapumziko, Chaki aliongoza kisomo cha Maandiko kama kawaida, kati ya marobota ya vitambaa. Siku hiyo walisoma habari za yule seremala, anayeitwa humo mwenye haki, aliyekuta mchumba wake ana mimba isiyo yake, akaazimia kumwacha kwa siri asimwaibishe.

"Mnaona," Chaki alisema, "haki ilimtaka amwache. Huruma ilikuja baadaye, na malaika."

"Malaika alikuja lini, baba?" shangazi akauliza, mkate mdomoni.

"Alipolala, ndotoni."

"Na kukataa kumwaibisha mwenzake?"

"Kabla."

"Na kuitwa mwenye haki?"

Chaki akatazama kitabu. Akatazama saa. "Mapumziko yamekwisha," alisema. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.

Saa tisa, shati la tatu la shangazi likafika mezani kwake, kola imelala upande. Aliinua chaki, mkono ukagoma. Aliogopa, maana kwa mara ya kwanza hakujua haki iko upande gani. Akalipeleka shati kwenye cherehani ya pembeni, akaifumua kola, akaishona upya mwenyewe.

Hapa hatuna budi kusema kwamba Chaki alifanywa mkaguzi kwa sababu ushonaji ulimshinda. Alipomaliza, shingo ya kuku isingepita pale.

Kulipitisha shati lile hakuweza. Uongo haukuwa fani yake. Basi akalichora alama nyekundu, akabandika namba aliyopewa enzi zake za kushona, akalitundika. Cherehani zikanyamaza moja moja.

"Nani kashona uchafu huu?" msimamizi akauliza.

"Mimi."

"Wewe? Mkaguzi?"

"Ndiyo, bosi. Hata mimi nimelikataa."

Saa ya kutoka, shangazi alisimama hatua moja kutoka kwenye shati, akakodoa macho.

"Nisomee, baba. Namba ya nani hiyo?"

Tarakimu zilikuwa kubwa kama kiganja.

"Yangu, shangazi."

Akaipapasa kola kwa kidole gumba, taratibu. Kwenye ncha moja kidole kikasimama. Hapo palikuwa na mshono wake mwenyewe, ambao Chaki alisahau kuufumua.

"Jumatatu niweke kwenye kukunja mashati," shangazi alisema. "Kukunja nitaweza kwa mikono."

Kisha shangazi akamshika Chaki kiwiko ili amwongoze kwenye ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.