Saa Iliyomngoja Koko

Nakumbuka asubuhi ya harusi yangu, mwanangu, na aliyenikumbusha ni wewe, kwa habari uliyonisomea jana kwenye simu. Ulisema dunia haizunguki sawasawa kila siku. Mara nyingine inabaki nyuma kidogo, na wataalamu huongeza sekunde moja ili saa ziingoje. Sasa wengi wanataka sekunde hiyo iachwe, maana inavuruga mashine. Ukacheka: watu wazima kugombania sekunde moja! Mimi sikucheka.

Siku ile kanisa letu la Kilibula lilikuwa limejaa. Bibi yangu, Koko, aliyenilea tangu mama afariki, alikuwa bado njiani, akishuka kwa miguu kutoka Mulenge. Mvua ilikuwa imeharibu njia za mlimani. Na kwetu, binti haolewi kabla hajanywa maziwa kutoka mkononi mwa aliyemlea.

Shemeji yangu akainua mkono wenye saa.

"Pasta, saa ine ilishafika! Kuko harusi ingine nyuma yetu."

Pasta alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama. Nilikuwa nalia. Mke wake akasimama. Alivuta kiti, akapanda, akarudisha mshale nyuma.

"Sasa iko saa tatu na nusu. Mwenye haraka aimbe."

"Mama, ile saa iko ya uongo!"

"Iko ya uongo, ndiyo. Na weye, mama yako alikubeba miezi yote ile, alikuwa anaangalia saa?"

Kanisa zima likacheka, shemeji naye akacheka. Kwaya ikaanza. Hata yule bibi harusi wa pili aliingia akaketi nasi, akaimba huku akingoja zamu yake.

Koko akatokea mlangoni, matope hadi magotini, kibuyu kifuani kama mtoto.

"Mulikuwa munaningoja miye?"

Akaninyooshea kibuyu. Maziwa yalikuwa yameanza kuchacha njiani. Niliyanywa yote. Mvua zilizofuata, tulimzika kulekule juu.

Mwanangu, mambo ya mashine siyajui. Pengine wenye mashine wana haki, na sekunde yao waiache. Wewe usiiache. Anayechelewa kwa sababu njia yake ni ndefu, mngoje. Panda kiti, urudishe mshale, watu wakucheke. Na Mungu akujalie, popote utakapofika na miguu ya matope, ukute mlango wazi na watu wako wangali wanaimba.