Mafiga ya Uzamili

Shahada yangu ya uzamili ni ya jiolojia na sayansi ya sayari. Mjini Bariadi, ninakofundisha jiografia sekondari, nusu ya pili ya jina hilo siitaji. Ukisema jiolojia watu wanaelewa dhahabu, na wanakuletea mawe kwenye mfuko wa rambo uyaangalie. Ukisema sayari wanakuonea huruma.

Baba, mkulima wa pamba Ngulyati, yeye alitaka kuelezwa. Nikamweleza kwamba mwamba ukiwa wa moto sana kisha ukapoa, ndani yake hubaki alama ya upande ilikokuwa kaskazini wakati ule, na alama hiyo inaweza kukaa mamilioni ya miaka. Ndivyo watu walivyogundua kuwa Mirihi nayo iliwahi kuwa na usumaku kama wa dunia, ukafa. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo jiwe linasema kaskazini ilikuwa wapi."

"Ndiyo, baba."

"Na leo kaskazini iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama huko kwa muda.

"Mimi naona ndiko ilikokuwa hata jana," akasema, akachukua jembe akarudi kwenye palizi. Tangu siku hiyo nikimpigia simu hakuanza na salamu. Alianza na, "Mawe yamesema?"

Hayakuwa yamesema. Miamba mingi niliyoipima ilikuwa imewahi kupigwa na radi, na radi hufuta alama hiyo kabisa. Mkoa wetu hauna uhaba wa radi. Mwamba mmoja tu ulikuwa mzima, mwamba mweusi karibu na Lalago. Niliuchongea mishale ya kaskazini kwa patasi, nijue ulivyokaa, na kupaka rangi nyekundu juu yake, kisha nikabandua mapande matatu. Muda mfupi baadaye mwamba wenyewe ulisagwa kokoto za barabara. Kwa hiyo shahada yangu yote ilibaki mawe matatu, nikayaweka nyumbani kwa baba, nyuma ya ghala la pamba, mahali ambapo hakuna ambaye angeyagusa.

Baba alifariki ghafla, mavuno yakiwa yanakaribia kwisha. Siwezi kuandika vizuri kuhusu siku ile, na sitajaribu.

Kwetu mfiwa hapiki na wala haulizi kinapikwa nini. Mama na mimi tuliketishwa chini ndani, tukatolewa kwenda kuzika, tukarudishwa ndani. Nje wanawake wa jirani walishika kila kitu: kuni, maji, unga, masufuria ya kuazima. Kwa siku zote za msiba sikuuona uwanja wetu ila nilipopita nikiwa nimeshikwa mikono.

Watu walipotawanyika nilienda nyuma ya ghala. Mawe yangu yalikuwa pale pale, yamepangwa kwa mstari mzuri kuliko nilivyoyapanga mimi. Rangi nyekundu haikuwepo. Yalikuwa yamesuguliwa kwa majivu na mchanga kama sufuria ya mtu, na bado kila moja lilikuwa na upande mmoja mweusi wa masizi ambao msuguo haukuuweza.

Mama mmoja wa jirani alinikuta nimesimama hapo.

"Mayu, haya mawe ni mazuri," akasema. "Ya kwetu haya meupe yanapasuka motoni. Haya yamebeba sufuria kubwa msiba mzima, hata ufa hakuna. Tumeyaosha tukayarudisha. Wabeja sana, tunashukuru."

"Asante, mayu," nikasema.

Kisha nikaketi chini nikalia kwa sauti. Yule mama alinishika bega akaniambia baba alikuwa mtu mwema, na alikuwa mtu mwema kweli, lakini kwa dakika ile nilikuwa nalilia mawe. Moto mkali hufanya kazi ile ile ya radi.

Msimamizi wangu wa chuoni ni mtu wa Mirihi hasa. Mambo ya dunia huyavumilia tu. Nilimpigia nikamwambia sampuli zimepikiwa.

"Zimepikiwa nini?"

"Ugali. Na nyama."

Akanipa pole ya msiba, akauliza sufuria ilikuwa kubwa kiasi gani, na kama mishale ya patasi bado inaonekana. Ilionekana. "Basi yalete," akasema. "Figa haliungui lote. Tutatoboa kutoka mgongoni."

Tukatoboa vipande vyembamba kuanzia mgongoni hadi kwenye masizi, vikapelekwa kupimwa kwenye maabara ya nje ya nchi. Nikasubiri nikiwa nafundisha mito na mabonde kwa moyo wa mtu anayesubiri hukumu. Majibu yakaja: upande wa moto ulikuwa umefutika, lakini migongo ya mawe yote matatu ilikuwa na alama yake ya kale, na yote ilikubaliana. Nilitaka kumpigia baba. Nilishaitafuta namba yake kwenye simu kabla sijakumbuka.

Nikafaulu. Katika tasnifu yangu kuna sentensi isemayo kwamba nyuso za sampuli ziliwahi kupashwa moto karibuni, na hakuna aliyeniuliza ni moto gani.

Mawe nikayarudisha Ngulyati kwa basi. Konda alidhani ni dhahabu, akayalinda kuliko abiria.

Mama alikuwa na jambo ambalo mara nyingi alilirudia: kwamba siku zile hakuona kitu. Aliusikia msiba wa mumewe kupitia dirisha. Sasa, upande wa mawe ulioungua ulikuwa umepoa ukiwa na alama mpya, kaskazini ya siku zile za msiba. Nikatoa dira na majibu ya maabara, nikaenda uwanjani mahali ambapo ardhi ilikuwa bado nyeusi kwa moto wa msiba, nikaligeuza kila jiwe mpaka kaskazini yake ikaangalia kaskazini. Nyuso za masizi zikatazamana zenyewe: jiwe moja likakaa mashariki, moja magharibi, moja kusini. Mdomo wa kuni ulikuwa kaskazini, kuelekea dirisha la chumba alichoketi mama.

Mama alitoka akasimama.

"Mawe yamesema," nikamwambia. "Yalikaa hivi. Aliyekuwa akichochea alikuwa ameligeuzia dirisha lako mgongo."

Akatazama mafiga, akatazama dirisha. Kisha akachuchumaa pale pale kwenye nafasi ya mpishi.

"Ndiyo maana nilikuwa nasikia wanavyoongea," akasema. "Walikuwa wanamsifia." Akalipapasa jiwe moja. "Na nikiwasha moto hapa leo?"

"Ukiwa mkali litasahau msiba, mama. Litashika siku ya leo."

Kuku alipita katikati ya mafiga, mama akamwacha apite.

"Umetoka mjini tangu asubuhi," akasema, "na hujala." Akaniambia nilete kuni, nikaenda kuzileta.