Dodoso la Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa mtihani kabla sijajua kama ulikuwa mtihani. Tulikuwa wanawake kumi na wawili katika ukumbi wa hosteli moja mjini Moshi, kila mmoja na daftari jipya mapajani. Mratibu wa mafunzo, mama mfupi mwenye sauti ya chini, aliingia, akaketi mbele yetu, akatutazama. Hakusema neno. Feni ikazunguka, mtu akakohoa, na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Shikamoo mama," nikasema. "Tuanze na sala?"

"Marahaba. Wewe ndiye nitakayekuangalia sana," akajibu. "Kazi hii si ya kuuliza. Maswali yameshaandikwa. Kazi hii ni ya kunyamaza."

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, ila moyoni niliudhika, maana kwetu Kilema mtu anayekaa na wageni kimya anaonekana hakulelewa.

Kazi niliyoifanya mpaka nywele zikageuka rangi inaitwa udadisi. Mdadisi hutumwa na watafiti kwenda nyumba kwa nyumba na dodoso, yaani orodha ndefu ya maswali, akarudi na majibu. Wapo wadadisi wa sensa, wa mbolea, wa malaria. Sisi tulikuwa wa ukatili wa majumbani, ingawa vijijini tulijitambulisha kama watu wa afya ya kaya. Huo haukuwa uongo mkubwa. Mwanamke anayepigwa, afya yake imo humo humo.

Nyie mnaoingia kazini leo na vishikwambi vyenu mnakuta sheria zimeandikwa tayari. Nyingi ziliandikwa kwa sababu kuna mtu aliumia. Hatukumuuliza mwanamke kama amefanyiwa ukatili, kwa kuwa atasema hapana; ukatili kwake ni jambo la kwenye redio. Tulimuuliza: amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma? Kukutishia kwa panga? Kisha unanyamaza na kuhesabu moyoni mpaka kumi. Mara nyingi jibu lenyewe lilikuja kwenye saba au nane, na mdadisi mwenye haraka alilikosa.

Mhojiwa lazima awe peke yake. Hata mtoto, akishaweza kusimulia aliyoyasikia, hafai kuwapo. Juu ya dodoso letu zilibanwa kurasa nne za dodoso la pili, la ufugaji. Mtu yeyote akitokea, unahamia huko na kuendelea kuuliza habari za maziwa. Mhojiwa anaambiwa mapema ili asishangae. Sisi tuliliita dodoso la ng'ombe. Na sheria ambayo vijana huipuuza kuliko zote ni kwamba mdadisi hafanyi kazi kwao, wala hasemi kwao ni wapi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Holili, mpakani. Msimamizi wetu wa uwandani alikuwa mwalimu mstaafu aliyezoea kutembea na chaki mfukoni, sijui ya nini. Alinifundisha mahali pa kukaa. "Mdadisi haupi mlango mgongo," alisema. "Ukiona kivuli tu, mifugo inaanza." Holili nilijifunza kuhoji mama huku amejitwisha mzigo, kwa sababu akiutua watu watauliza anasubiri nini. Nilifanya vizuri. Nikaanza kujiona mjuzi, na hapo ndipo wakanipandisha mlimani.

Ilikuwa kata ya juu, mabonde matatu kutoka kwetu, jioni ya saa kumi. Getini alikuwapo bibi wa nyumba ile, mama wa mume, anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia. Kabla ya kuitikia aliniangalia usoni akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kila Mchagga anayesoma hapa anajua uzito wa swali hilo. Usipolijibu umemtukana mtu. Shikamoo yangu ilikuwa bado inaning'inia hewani, nami ni mtu asiyeweza kuacha kimya kikae. Nikamtajia ukoo, nikamtajia baba, nikamtajia na shangazi yangu aliyeolewa karibu na misheni ya Kilema. Bibi akashika kifua kwa furaha. Shangazi yangu na yeye waliimba kwaya moja usichanani. "Marahaba mwanangu, pita, pita." Nikapita, nikijisifu jinsi nilivyofunguliwa mlango upesi.

Mkwewe nitamwita Anasia, silo jina lake. Alikuwa nyuma ya banda, anamkatia ng'ombe magogo ya migomba. Nikamsomea ridhaa, nikamweleza habari za dodoso la pili, akakubali. Alijibu bila kuacha kukata. Kofi, ndiyo. Kusukumwa, ndiyo. Panga likishuka, jibu linatoka. Nilipofika kwenye vitisho vya kuua alisimama, akaelekeza kidevu upande wa migomba. Kulikuwa na shimo, refu kuliko mtu, la kutengenezea gesi ya samadi.

"Fundi wa gesi aliishia njiani," akasema. "Juzi baba watoto alinileta hapa. Akaniambia, hili linakutosha, na kwa kuwa ni la samadi hakuna atakayeuliza harufu."

Nikaanza kuhesabu mpaka kumi kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Kwenye tisa nikaona kivuli.

"Na huyu ng'ombe," nikasema, "mnakamua lita ngapi kwa siku?"

"Asubuhi nane, jioni tano," Anasia akajibu.

"Sita," mume akasahihisha. Alikuwa mtu mtanashati, mpole wa sauti. Akavuta ndoo, akaifudikiza, akaketi. "Dada, karibu. Mmetoka Moshi mjini kuja kumuuliza mke, mwenye ng'ombe hamumuulizi?"

"Tunamuuliza anayemkatia majani, kaka."

"Hebu nione." Akalichukua dodoso mkononi mwangu. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa makini, akalamba kidole, akafunua wa pili. Akafunua wa tatu. Ukurasa wa tano ulianza na swali la kofi, na tiki yangu ya wino ilikuwa pembeni yake. Mikono yangu nikaikalia.

Anasia hakuinua uso. "Dada aliuliza dawa tuliyompa yule ndama aliyekufa," akasema. "Mimi sikumbuki. Mwambie wewe, mimi hayo siyajui."

Mume akanirudishia dodoso. "Andika," akasema, na akanipa mhadhara mrefu wa magonjwa ya ndama, jina la kila dawa na kosa la kila daktari. Niliandika yote. Nikaaga, akanisindikiza yeye mwenyewe mpaka getini. Swali la mwisho la dodoso letu halikuulizwa: baada ya kuzungumza haya, unajisikiaje, afadhali, vilevile, au vibaya zaidi? Wala kikaratasi chenye namba za msaada sikuwahi kumpa.

Saa moja asubuhi shangazi alinipigia simu akiwa amechangamka. Jana jioni rafiki yake wa kwaya alimpigia kuuliza mtoto wa kaka yake siku hizi anafanya kazi gani ya ng'ombe. "Nikamwambia, ng'ombe wapi? Yule anatetea akina mama wanaopigwa na waume zao. Nimekusifu kweli kweli."

Nikakata simu. Asubuhi hiyo bibi yule angeulizwa na mwanawe habari za mgeni wa jana, chai ikiwa mezani, naye angesimulia habari njema za ukoo mzuri aliokutana nao.

Nikamkimbilia Msimamizi, nikamweleza yote, hata la ukoo. Akampigia Mtafiti Mkuu Dar es Salaam. Jibu likaja kwamba tusubiri maelekezo, kwa kuwa mhojiwa hakutoa ridhaa ya habari zake kupelekwa popote. Siwalaumu. Sheria hiyo ina maana: ukipeleka polisi kwenye nyumba ambayo mwanamke hakuwaita, wakiondoka yeye ndiye anayebaki. Msimamizi aliijua sheria kuliko sisi sote, lakini alikuwa ameivunja chaki mfukoni mpaka suruali ikawa nyeupe. Akampigia Inspekta wa dawati la jinsia na watoto. Inspekta akasema anakuja, ila mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya juu ni saa nzima.

Saa nzima ni ndefu. Nikatoka nje, nikavunja sheria kwa mara ya pili, safari hii kwa makusudi.

"Shangazi, mpigie rafiki yako sasa hivi. Mwambie aende nyuma ya banda, kwenye shimo la gesi, akae hapo asiondoke."

"Kuna nini shimoni?"

"Bado hamna kitu. Ndiyo maana nataka aende sasa."

Shangazi naye aliwahi kuwa na mume. "Nimekuelewa," akasema, akakata simu.

Inspekta alitupitia mimi na Msimamizi, tukapanda pamoja. Tulipofika tulimkuta bibi ameketi kwenye kigoda, ukingoni kabisa mwa shimo, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Nyuma yake Anasia alikuwa amesimama, mkono wa kushoto unaning'inia vibaya, uso umevimba. Mume alikuwa mlangoni mwa banda na panga, wala halikuwa la kukatia majani. Tulimsikia bibi akimwambia bila kupaza sauti, "Kama ni kuzika, mimi ndiye mkubwa hapa. Utaanza na mimi."

Inspekta alipita mbele ya yule mwanamume kama hajamwona, akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmechelewa."

Inspekta akamgeukia Anasia. "Unataka kuondoka nasi? Sema mwenyewe."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe nitamkamua mimi," bibi akasema, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikaacha maharage. Anasia akaitikia kwa kichwa. Ndipo mume alipoliweka panga chini.

Mahakama ilifanya yake, na hayo si yangu kusimulia. Mimi niliitwa mbele ya Mtafiti Mkuu, msomi wa watu, aliyekulia pwani. "Uliulizwa ukoo," alisema, "ukajibu tu?" Mratibu, mama yule wa siku ya kwanza, ndiye aliyenisemea: "Alilelewa vizuri. Hilo ndilo kosa lake." Nikaondolewa uwandani mwaka mzima, nikawa wa kuingiza majibu kwenye kompyuta. Dodoso la kaya ile niliingiza kwa mkono wangu mwenyewe: halikukamilika. Kwenye mwongozo wakaongeza aya juu ya kumjibu mwenyeji anayeuliza wewe ni mtoto wa nani. Mnaikariri bila kujua ilitoka wapi.

Siku hizi watafiti wanazungumza sana juu ya watu wa karibu, wakwe, majirani, wazee wa kanisa, na jinsi wanavyoweza kuzuia damu isimwagike kabla polisi hajafika. Ninafurahi. Ila nikisikia hivyo huwa nakumbuka kwamba ulimi ule ule wa ukoo uliomleta bibi shimoni ndio uliomvunja Anasia mkono, na mara zote mbili niliutuma mimi.

Nimestaafu mwaka huu. Nilirudisha kishikwambi, nikapewa shuka na hotuba. Wiki ya pili, nikiwa kihambani, shamba letu la ukoo, napogoa kahawa, akaingia mwanamke na kidumu cha maziwa. Mkono wa kushoto haukunyooka vizuri.

"Nimekupata kwa ukoo," Anasia akasema. "Ulimtajia mama mkwe, naye akaniambia, nikaushika."

Tulikunywa chai. Bibi alishafariki, akiwa amemwachia ng'ombe. Kikombe cha pili nikashindwa kujizuia. "Kuna swali moja sikukuuliza siku ile. Baada ya kuzungumza nami, ulijisikiaje? Afadhali, vilevile, au vibaya zaidi?"

"Vibaya zaidi," akasema papo hapo. "Andika hivyo, vibaya zaidi."

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na maneno mengi, ya kuomba radhi na ya kujieleza, yote yamejaa mdomoni. Nikayameza. Nikaanza kuhesabu moyoni, moja, mbili, nikiutazama mkono ule ulioshika kikombe. Nilifika saba.

"Lakini ungerudi tena," akasema, "ningekuambia yote tena."